Kufunza sikio Kiesperanto kwa mashairi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mambo ya kwanza

Kwa nini mashairi, na si habari za redio au mazungumzo?

Anayesikiliza habari anaweza kukosa nusu ya maneno na bado akajua kilichosemwa, maana mada yenyewe inamsaidia kukisia. Kwa mawasiliano hilo ni jema. Kwa sikio linalojifunza ni hasara, kwa sababu linazoea kudaka mashina ya maneno na kuacha viishio. Shairi halikubali hivyo. Silabi zimehesabiwa, maneno yamepangwa yasivyotarajiwa, na kukisia hakufiki mbali: ukikosa -n moja tu, ambayo katika Kiesperanto ni alama ya yambwa, kilichonywewa kinageuka kuwa mnywaji.

Urefu nao unafaa. Shairi la mishororo 16 huchukua dakika moja hivi likighanwa bila haraka, kwa hiyo kikao kimoja kinatosha kulisikia mara 10 na zaidi. Tena shairi lina kipimo ndani yake. Ukiandika ulichosikia, ukahesabu silabi na kukuta mshororo una 9 wakati wenzake wana 10, umeshajua kuna kitu kimekupita hata kabla ya kufungua maandishi. Habari za redio hazikupi kipimo hicho.

Majibu haya yanahusu lugha gani ya kubuni?

Kiesperanto, kwa sababu ndicho chenye ushairi mwingi kuliko lugha nyingine zote za kubuni, uliotungwa na kurekodiwa kwa miongo mingi. Ushairi haukuongezwa baadaye. Kitabu cha kwanza cha L. L. Zamenhof, mbunifu wa Kiesperanto, kilichotoka Warsaw mwaka 1887, kilikuwa tayari na mashairi pamoja na sarufi fupi, na kanuni ya mwisho kati ya zile 16 za sarufi yenyewe ni ruhusa ya kukata irabu ambayo washairi ndio wanaoitumia hasa. Lugha nyingine zimeguswa mwishoni kabisa mwa ukurasa huu.

Niwe nimefika wapi kabla ya kuanza?

Uwe unajua viishio vyote bila kufikiri: -o ya nomino, -a ya kivumishi, -e ya kielezi, -j ya wingi, -n ya yambwa, na za kitenzi: -as (wakati uliopo), -is (uliopita), -os (ujao), -us (masharti), -u (amri) na -i (kitenzi kisichonyambuliwa). Uwe pia na mizizi kama 400 ya kila siku. Chini ya hapo utakuwa unajifunza msamiati kwa njia ngumu, na hilo si zoezi la kusikiliza.

## Sikio la Kiswahili linapokutana na Kiesperanto

Msemaji wa Kiswahili anaanza na faida gani?

Kubwa mbili. Irabu za Kiesperanto ni tano, a e i o u, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Mkazo nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika Kiswahili. Irabu mbili zinazofuatana zinabaki silabi mbili: *familio* ni fa-mi-LI-o, *heroo* (shujaa) ni he-RO-o. Aliyezoea kutamka "taa" na "kaa" hana la kujifunza hapo.

Faida ya tatu watu huisahau: tumezoea upatanisho. Anayesema "tanga jeupe" na "matanga meupe" hashangai kuona kivumishi kikifuata nomino yake kwa umbo. Kiesperanto kinafanya hivyo kwa -j na -n, na jambo hili linakuwa la msaada mkubwa mshairi anapotenganisha maneno (tazama "Maneno yamevurugwa, nitajuaje lipi linakwenda na lipi?").

Basi shida hasa iko wapi?

Mkiani mwa neno. Kiswahili kinaweka sarufi kichwani: nafsi, njeo, ngeli, ukanushi, karibu vyote hutangulia shina. Tunaposikiliza, masikio yetu yako macho mwanzoni mwa neno na yanapumzika mwishoni. Kiesperanto kinafanya kinyume. Sarufi yote imekaa mwisho, tena kwenye silabi isiyo na mkazo, na mara nyingi inaishia kwa konsonanti: -n, -s, -j. Maneno yetu ya asili huishia kwa irabu, kwa hiyo konsonanti ya mwisho ama hatuisikii kabisa, ama tunaitungia irabu kichwani na kuihamishia kwenye neno linalofuata.

Ndiyo maana mwanafunzi anayesoma Kiesperanto vizuri kabisa kitabuni anaweza kushindwa kutofautisha *vidas* (anaona) na *vidis* (aliona) masikioni. Msamiati anao. Ambacho hana ni mazoea ya kulifuata neno hadi lilipokwisha. Mazoezi yote yanayofuata yanalenga jambo hilo moja.

Ni sauti zipi za kuzoea kabla ya shairi lolote?

*C* ni "ts" iliyotamkwa kwa pigo moja. *Ĵ* ni "sh" iliyotiwa mtetemo wa koo. Hizi mbili hatuna. Nyingine ni za kubadilisha maandishi tu: *ĉ* ni ch, *ŝ* ni sh, *ĝ* iko karibu na j ya "jana", *j* ni y, *ŭ* ni w, *ĥ* ni kh ya "kheri".

Jipime kwa jozi hizi, mtu akikusomea bila mpangilio: *celo* (lengo), *selo* (tandiko la farasi), *ĉelo* (seli), *aĝo* (umri), *aĵo* (kitu), *lito* (kitanda), *rito* (taratibu ya ibada), *lano* (sufu), *rano* (chura). Ukipata 18 kati ya 20, endelea na mashairi. Usipofika, tumia siku tatu kwa jozi tu, maana kosa la sauti litajificha ndani ya shairi na utalihesabu kuwa kosa la sarufi.

Kuna pia konsonanti zilizorundikana: *ŝtono* (jiwe), *trinkas* (anakunywa), *scias* (anajua, s na ts zikifuatana). Ukiweka irabu katikati unapotamka, "shitono", utahesabu silabi tatu mahali penye mbili na mizani yote itakataa.

## Kuchagua shairi na sauti

Shairi la kuanzia liwe la namna gani?

Beti tatu au nne za mishororo minne, vina vya kupokezana, na maneno mageni yasiyozidi moja kwa kila mishororo miwili. Mizani iwe ya nzito-nyepesi, nzito-nyepesi, ambayo wanazuoni wa ushairi wa Ulaya huiita trokeo. Maneno mengi ya Kiesperanto yana silabi mbili na mkazo kwenye ya kwanza, kwa hiyo trokeo ndiyo inayotoka kinywani bila kulazimishwa. Mashairi huru yasiyo na vina wala mizani yaje baadaye, kwa kuwa hayana kipimo cha ndani.

Shairi moja ambalo halikosekani ni *La Espero* la Zamenhof, ambalo Waesperanto wamelifanya wimbo wao. Lina beti 6 za mishororo 4, kila mshororo silabi 10 kamili, na ndani yake mna karibu kila kitu kinachozungumziwa hapa: nomino zilizokatwa mkia, -n ya mwelekeo, na kivumishi kilichotengwa na nomino yake. Litafute likiwa limeghanwa, si limeimbwa.

Kuna ubaya gani kulisikia likiimbwa?

Muziki una mkazo wake. Noti ndefu inaweza kuangukia kiishio na kukikuza kuliko kilivyo katika usemi, au kiishio kikamezwa na noti fupi. Unazoea kitu ambacho hutakisikia mtu akizungumza. Nyimbo zije shairi likishajulikana.

Sauti nitaipata wapi?

LibriVox, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya sauti, ina rekodi za Kiesperanto zinazopakuliwa bure. Tovuti ya lernu.net, iliyoanza mwaka 2002, ina kozi na maandishi yenye sauti kwa wanaoanza. Zamenhof alifariki mwaka 1917, kwa hiyo mashairi yake yako huru kurekodiwa na yeyote, nawe ukiwemo. Maktaba ya Taifa ya Austria, huko Vienna, ina idara maalumu ya lugha za kubuni na imeweka mtandaoni majarida mengi ya zamani ya Kiesperanto. Hayo ni maandishi bila sauti, lakini yanafaa sana kwa wawili wanaosomeana.

Kusomeana, kwa kweli, ndiyo njia bora kuliko zote. Mmoja anachagua shairi ambalo mwenzake hajaliona, analighani na kurekodi kwa simu iliyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isipige maikrofoni.

Naweza kutumia sauti ya kompyuta?

Kwa kuhakikisha kiishio kimoja kilichokutatiza, ndiyo. eSpeak NG, kwa mfano, inasoma Kiesperanto na inatamka kila herufi. Kwa zoezi lenyewe, hapana. Haitui mwishoni mwa mshororo inavyotakiwa, na inatamka viishio vyote kwa usawa ambao binadamu hana. Ukishaizoea, mtu wa kweli ataonekana kama anakula maneno.

## Zoezi lenyewe

Kikao kinakwendaje, hatua kwa hatua?

Tenga dakika 30. Shairi liwe la mishororo 12 hadi 16, na maandishi yafunikwe hadi hatua ya tano.

1. Sikiliza lote mara moja, mikono mitupu. Usiandike chochote. Mwishoni jiulize tu shairi linazungumzia nini.

2. Sikiliza mara mbili ukigonga meza kwa kila mkazo. Mshororo wa trokeo wa silabi 10 una mapigo matano. Ukigonga mara nne au sita, weka alama kwenye namba ya mshororo huo, kwa maana hapo pana neno lililokupita.

3. Sikiliza mara mbili ukiandika neno la mwisho la kila mshororo, basi. Vina vitakusaidia. Ukiwa na *fonto* (chemchemi) kwenye wa kwanza, na wa tatu ukausikia kama "...mondo", rudia: huenda ni *monto* (mlima).

4. Sasa imla. Simamisha sauti mwishoni mwa kila mshororo na uuandike wote. Ruhusu marudio matatu kwa mshororo, yasizidi. Palipo giza acha nafasi, usijaze kwa kukisia.

5. Fungua maandishi, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Kila kosa lipe alama ya aina yake: N (yambwa), J (wingi), S (njeo), K (neno lililokatwa), M (msamiati), T (sauti, kama c na s).

6. Ghani pamoja na rekodi mara tatu, ukiwa nyuma yake kwa nusu pumzi, ukitamka viishio waziwazi.

Hatua ya tano ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa. Baada ya mashairi manne au matano orodha ya herufi itakuonyesha udhaifu wako uko wapi. Anayepata M nyingi anahitaji mashairi mepesi. Mwenye N na S nyingi yuko kwenye shairi linalomfaa kabisa.

Nirudie shairi lile lile mara ngapi?

Siku ya kwanza kikao kizima. Siku ya pili, ya nne na ya nane, imla peke yake, bila kuangalia maandishi. Siku ya nane ukiandika bila kosa haimaanishi sikio limekomaa, inaweza kuwa kumbukumbu tu. Kwa hiyo siku hiyo hiyo sikiliza shairi jipya la mshairi yule yule na mizani ile ile. Makosa ya hilo jipya ndiyo kipimo.

Nipunguze mwendo wa sauti?

Hadi asilimia 80, ukianza. Chini ya asilimia 70 irabu zinavutwa, mkazo unapotea, na konsonanti za mwisho zinageuka sauti nyingine. Badala ya kupunguza zaidi, kata mshororo vipande viwili katika programu ya kuhariri sauti na usikilize kimojakimoja.

Nitaandikaje zile herufi zenye kofia kwa haraka?

Tumia x: *cx, gx, hx, jx, sx, ux*. Herufi x haimo kwenye alfabeti ya Kiesperanto, kwa hiyo haikuchanganyi na chochote.

## Viishio

Sisikii -n kabisa. Nifanyeje?

Chukua mishororo hii miwili:

*Sub la ŝtono dormas eta fonto,*
*akvon ĝian trinkas nur la monto.*

Chini ya jiwe imelala chemchemi ndogo, maji yake huyanywa mlima peke yake. Mshororo wa pili umeanza na yambwa. Ukisikia "akvo ĝia trinkas", maji ndiyo yanakunywa, na *nur la monto* inabaki ikining'inia bila kazi. Huo mning'inio ndio ishara: neno likikosa kazi katika sentensi, rudi ukatafute -n iliyoanguka.

Kumbuka pia kwamba -n hujitokeza mara mbili, kwenye nomino na kwenye kivumishi chake. Mara nyingi moja inamezwa na nyingine inabaki. Katika *belan nokton* (usiku mzuri, ukiwa yambwa), -n ya kwanza inaungana na n ya *nokton* na hutaitofautisha na *bela nokton*. Ya mwisho ndiyo shahidi. Mbele ya p na b, -n hugeuka m kwa wasemaji wengi, *bonan panon* ikasikika "bonam panon". Mbele ya k na g inakuwa kama ng' yetu. Anayesubiri n safi hapo atasubiri sana.

Zoezi lake: andika shairi upya ukiacha mapengo kwenye viishio tu, "akv__ ĝi__ trink__ nur la mont__", kisha sikiliza ujaze. Mishororo miwili hiyo ina viishio vinane. Lenga saba kati ya vinane kwa usikilizaji mmoja.

-as, -is, -os na -us zinanichanganya.

S ile ni moja kwa zote, kwa hiyo sikiliza irabu iliyo mbele yake. Ugumu ni kwamba irabu hiyo haina mkazo. Hapa ushairi unasaidia sana, kwa sababu washairi wengi hubaki kwenye njeo moja kwa ubeti mzima, na ghafla wakibadilisha, mabadiliko hayo ndiyo kiini cha ubeti. Jizoeze kujiuliza swali moja mwishoni mwa kila ubeti: je, njeo imegeuka?

Na kiam, kial (kwa nini), kiel, kiom (kiasi gani)?

Ziko kwenye jedwali la maneno 45 ambayo kila mwanafunzi hulikariri, lakini kulikariri hakusaidii masikio. Mkazo uko kwenye *ki*, sehemu ambayo zote wanayo sawa, na tofauti iko kwenye silabi nyepesi. Zisikilize ndani ya mishororo, kamwe si kwa orodha. *Kiam* (wakati) kwa kawaida huanzisha kishazi chenye kitenzi chake, *kiel* (kama) mara nyingi hufuatwa na nomino ya mfano, na mashairi yamejaa *kiel*.

Mbona kivumishi kimegeuka kitenzi?

Ni kawaida. *La ĉielo bluas*, mbingu imekuwa buluu, badala ya *estas blua*. Mshairi anaokoa silabi mbili. Ukisikia rangi au sifa yenye -as, usidhani umekosea.

## Maneno yaliyokatwa na yaliyovurugwa

Nifanyeje neno linapokatwa mkia?

Washairi wetu wanaijua inkisari. Kiesperanto kina inkisari moja iliyowekewa kanuni: -o ya nomino inaweza kudondoka na kuandikwa alama ya ritifaa. *Monto* inakuwa *mont'*, *espero* inakuwa *esper'*. Mkazo haupandi wala haushuki, unabaki palepale ulipokuwa, kwa hiyo sasa uko kwenye silabi ya mwisho: es-PER'. Hapo ndipo sikio letu linapoduwaa, kwa kuwa limezoea kwamba baada ya mkazo kuna silabi moja zaidi. Ukisikia mkazo ukifuatwa na kimya au na neno jingine moja kwa moja, umekutana na nomino iliyokatwa, au neno dogo la silabi moja.

Kanuni hiyo ina zawadi ndani yake. Inaruhusiwa kwa nomino ya umoja isiyo na -n tu. Neno lenye -j au -n halikatwi. Basi nomino iliyokatwa haiwezi kuwa wingi wala kubeba -n, na hilo limekupunguzia maswali mawili kabla hujaanza kuchambua sentensi.

Kibainishi *la* nacho hukatwa kuwa *l'*, hasa baada ya kihusishi kinachoishia kwa irabu: *de l' mont'*. Hakiongezi silabi, kwa hiyo kwenye mizani hakionekani.

Baada ya kukatwa, neno linashikana na lifuatalo. Nitalitenganishaje?

Sikiliza *La vent' silentas sur la mont'*, upepo umenyamaza mlimani. T ya *vent'* inagusana na s ya *silentas*, na zikiungana zinatoa c kamili: "la vencilentas". Mwanafunzi anakwenda kutafuta neno "vencilenti" kamusini. Rudi kwenye mikazo: la VENT' si-LEN-tas SUR la MONT', nyepesi-nzito mara nne. Mizani ikishakaa, mpaka wa maneno unajionyesha.

Tia sikioni hasa t' kabla ya s, d' kabla ya t, na nomino inayoishia kwa konsonanti mbili ikifuatwa na konsonanti ya tatu.

Maneno yamevurugwa, nitajuaje lipi linakwenda na lipi?

Kuboronga sarufi kunaruhusiwa kwa washairi wa Kiesperanto kwa upana mkubwa, kwa sababu viishio vinabaki vikionyesha nani ni nani. *Blankan mi vidas sur la maro velon*: naliona tanga jeupe baharini. *Blankan* imesimama mwanzoni na *velon* mwishoni, maneno matano katikati yao. Kinachowaunganisha ni -an na -on.

Mbinu ni kuacha mlango wazi. Ukisikia kivumishi chenye -n na nomino yake haipo, kishike akilini na usijaribu kukipatia maana bado. Endelea kusikiliza ukisubiri -on. Anayetafsiri neno kwa neno kichwani atashindwa hapa kila mara, kwa kuwa "nyeupe" bila kitu cha kuwa cheupe haitafsiriki.

-n inayokuja baada ya kihusishi ina maana gani?

Mwelekeo. *La birdo flugas sub la ponto*: ndege anaruka akiwa chini ya daraja. *Sub la ponton*: anaruka kuingia chini yake. Katika shairi tofauti hiyo inaweza kuwa picha nzima. Vielezi vya mahali pia huichukua: *hejme* (nyumbani), *hejmen* (kuelekea nyumbani).

## Lafudhi na wasomaji

Kwa nini msomaji mmoja namwelewa na mwingine simwelewi, shairi likiwa lile lile?

Kila mmoja huja na lugha yake. Wenye lugha ya kwanza Kirusi huelekea kulegeza o isiyo na mkazo ikawa karibu na a, na hapo -os inasikika kama -as. Wenye Kiingereza huelekea kufifisha irabu zote zisizo na mkazo. Wenye Kifaransa huvutwa kuupeleka mkazo mwisho wa neno, jambo ambalo linaweza kukufanya udhani neno limekatwa. Wenye Kijapani wanaweza kukaribisha l na r.

Anza na msomaji mmoja kwa mashairi matano, kisha sikiliza shairi unalolijua likisomwa na mwingine wa lugha tofauti. Shairi linalojulikana kwa sauti ngeni linafunza lafudhi. Shairi jipya kwa sauti ngeni linachosha tu.

## Yanayotokea kwa nadra

Neno silioni kwenye kamusi ndogo.

Huenda ni neno la kishairi. Kiambishi *mal-* hugeuza maana, *bona* (zuri) na *malbona* (baya), lakini kinaongeza silabi, na washairi wamependa maneno mafupi mbadala: *olda* kwa *maljuna* au *malnova* (-zee, -kuukuu), *trista* kwa *malgaja* (-a huzuni), *febla* kwa *malforta* (dhaifu), *kurta* kwa *mallonga* (-fupi), *dura* kwa *malmola* (-gumu), *liva* kwa *maldekstra* (-a kushoto). Jifunze hayo sita mapema. Kwa mengine tumia *Plena Ilustrita Vortaro*, kamusi kubwa ya lugha hiyo.

Maneno mawili yamesikika kama moja, na yote yana maana.

Wakati mwingine mshairi amekusudia. *Persono* ni mtu, *per sono* ni "kwa sauti", na kwa sikio hayana tofauti kabisa kwa kuwa vihusishi havina mkazo. *Kolego* ni mwenzi wa kazini, au ni *kol-eg-o*, shingo kubwa. *Sentema* ni mwenye hisia nyepesi, au ni *sen-tem-a*, kisicho na mada. Hapa imla haiwezi kuwa na jibu moja. Andika yote mawili na usijihesabie kosa.

Vina vyote vinaishia sawa na sipati msaada wowote.

Huenda shairi limetumia vina vya viambishi, kama *kantado* na *dancado*, ambavyo Waesperanto wanaviita *adasismo* na kuvihesabu kuwa udhaifu. Kwa zoezi la viishio havina ubaya. Kwa hatua ya tatu, ya kutafuta neno la mwisho, havifai, kwa kuwa kinachofanana ni mkia tu na shina halikuambii kitu. Chagua shairi lenye vina vya mashina.

Njia hii inafaa kwa lugha nyingine za kubuni?

Inafaa ukibadilisha mahali pa kutega sikio. Kiido, kilichozaliwa mwaka 1907 kutokana na Kiesperanto, hakipatanishi kivumishi na nomino, kwa hiyo ile -n ya pili haipo. Kitenzi chake kisichonyambuliwa, chenye -ar, hubeba mkazo kwenye silabi ya mwisho. Usikichukulie kuwa neno lililokatwa. Katika Volapük mkazo uko mwisho wa neno daima, na kugonga meza kunakuwa njia ya kupata mipaka ya maneno. Toki Pona ina herufi 14 na mkazo kwenye silabi ya kwanza. Kuisikia si kazi. Kazi ni kuamua maana, maana maneno yake 120 na kitu kila moja limebeba mengi. Huko fupisha imla, na dakika zilizobaki zitumie kuandika tafsiri mbili tofauti za kila mshororo.